Herufi Moja

Bungoma,
10 Februari 2025

Kwa Nyaruai,

Salaam. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ninayotumia ni ya kliniki, na tangu Ijumaa tumeambiwa tusizungumze na mtu yeyote kuhusu jambo hili, hasa watu wa kampuni yenu. Kwa hiyo naandika kwa mkono, na Huzaifa ataleta. Kaka yangu hupeleka marobota ya mitumba huko Kitale kila Jumatano na kurudi Alhamisi. Hatauliza kitu.

Nyaru, mtu amekufa kwetu.

Anaitwa Nelima Wamalwa, mama wa miaka sitini na mmoja kutoka upande wa Matulo, aliyekuwa akikaa hapa mjini kwa binti yake Nasambu. Alhamisi iliyopita alikuja na kidonda cha mguu kilichoanza kutoa usaha. Sista Jepkemboi akafungua rekodi yake kwenye mfumo wenu wa kompyuta, akasoma, akamdunga sindano ya penisilini. Yule mama alikuwa na homa, hakuwa akijibu vizuri, na binti yake alikuwa ameenda kununua maji. Haikufika dakika kumi. Nasambu aliporudi na chupa mkononi, mama yake alikuwa amevimba uso na hapumui.

Kwenye skrini, kisanduku cha aleji kilisema: Hakuna.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi ndiye karani niliyeingiza faili za karatasi kwenye mfumo mwezi wa Novemba. Faili ya Nelima niliiingiza mwenyewe, naye akiwa ameketi mbele yangu. Niliandika aleji ya penisilini kwa herufi kubwa. Nakumbuka. Na zile karatasi, kama mlivyotushauri, tulizichoma mwezi wa Desemba nyuma ya kliniki ili siri za wagonjwa zisizagae. Kwa hiyo neno langu halina kitu cha kuliegemea.

Wewe unaujua mfumo huo kutoka ndani. Niambie tu: je, unaweza kusahau kitu ulichoandikiwa?

Kamati ya kliniki itakaa tarehe 13 Machi.

Ni mimi,
Suad Osman


Kitale,
13 Februari 2025

Suad dadangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kando ya gari la Huzaifa, halafu nikairudia kwenye ngazi za ofisi. Pole sana. Pole kwa familia ya huyo mama, pole kwako, na umfikishie sista Jepkemboi pole yangu hata kama hanijui.

Mfumo hausahau, bana. Kila kitu kinachoandikwa kinaacha alama: nani aliandika, siku gani, saa ngapi. Kuna ukurasa wa historia ambao makarani hamuoni, lakini sisi tunauona. Kama uliandika, alama yako iko pale. Kesho nikipata nafasi nitaangalia bila kumsumbua mtu.

Inawezekana pia mtandao ulikatika kabla hujahifadhi. Hapo mwanzo kliniki nyingi zililalamika hivyo. Sikulaumu, nasema tu inawezekana.

Usimwambie mtu kwamba tunaandikiana. Bwana Kiplangat, mkurugenzi wetu, ni mtu mzuri, lakini mwezi huu anajadiliana na kliniki nyingine kumi na mbili na hataki maneno.

Usiogope. Kula vizuri.

Rafiki yako,
Nyaruai Mbogo


Bungoma,
18 Februari 2025

Kwa Nyaruai,

Nimesimamishwa kazi jana. Jepkemboi pia.

Huyo Bwana Kiplangat wako alikuja mwenyewe, na shati jeupe na sauti ya upole. Aliniita dada. Alitandaza karatasi mezani mbele ya msimamizi wa kliniki, imechapishwa historia yote ya rekodi ya Nelima Wamalwa. Akaweka kidole. "Dada, hii ni akaunti yako. Tarehe kumi na nne Novemba. Hapa jina, hapa umri, hapa anakotoka. Hapa kwa aleji hakuna kitu ulichoandika. Mfumo haumchukii mtu. Unaonyesha kilichofanyika tu."

Nikamwambia niliandika. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

Ulisema alama yangu itakuwa pale. Haiko. Sasa nimeanza kujishuku mwenyewe, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kusimamishwa. Usiku sina shida, ni asubuhi, ninapofunga mtandio kwa mazoea halafu nakumbuka siendi popote. Najiuliza: labda niliandika kichwani tu?

Lakini nakumbuka hadithi yake. Mama Nelima aliniambia kwamba alipokuwa msichana huko Kimilili alidungwa sindano, akavimba hivi kwamba kaka yake aliyekuja kumchukua alimpita pale kwenye benchi, hakumtambua. Alicheka akisimulia. Akasema, "Andika kwa nguvu, mwanangu, wasije wakanimaliza." Ndiyo maana nilitumia herufi kubwa. Mtu hawezi kubuni hadithi kama hiyo ili ajitetee, au anaweza?

Nasambu, binti yake, alikuja nyumbani Jumapili. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Ni wewe uliyemwandika mama?" Nikasema ni mimi. Akaondoka.

Uliangalia?

Suad


Kitale,
20 Februari 2025

Suad,

Niliangalia. Sioni kitu zaidi ya kile alichokuonyesha Bwana Kiplangat.

Nimefikiria sana. Ushauri wangu ni huu: kamati ikikaa, sema kwamba mlikuwa mkiingiza faili sabini kwa siku na huenda ulichoka. Hilo ni kweli, uliniambia wewe mwenyewe wakati ule. Waache waliite kosa la kibinadamu. Watakupa barua ya onyo na utarudi kazini. Ukishikilia kwamba mfumo ndio wenye makosa, watakuletea wataalamu, na mtu asiye na karatasi hawezi kushindana na mtaalamu.

Mfumo huu umesaidia watu wengi. Nilipoandika ile sehemu ya majina niliona kwa macho yangu wazee waliokuwa wakipotezwa na makaratasi. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Samahani barua ni fupi. Kazi ni nyingi.

Nyaruai


Bungoma,
28 Februari 2025

Nyaruai,

Sikungoja Jumatano. Huzaifa anakuja kwa ajili ya barua hii peke yake.

Leo nilikwenda kliniki kurudisha funguo za stoo. Kesho tunaanza mfungo, nilitaka niwe nimemalizana nao. Mapokezini kulikuwa na mama mmoja mnene, amevaa koti la sufu, ameshika kitabu chake cha presha. Msichana aliyechukua nafasi yangu alikuwa akitazama skrini, akimtazama yule mama, akirudi kwenye skrini.

"Mama, huyu mtu amefariki," akasema.

"Nani?"

"Huyu Nelima Wamalwa."

"Mimi ni Nerima. Nerima Wamalwa wa Webuye."

"Ni huyo huyo, mama. Ati alifariki tarehe sita mwezi huu. Siwezi kukutolea dawa, mfumo umefunga."

Yule mama akacheka, akamgeukia aliyekuwa nyuma yake. "Nimekufa rini, nami nimekura chai asubuhi hii nyumbani kwangu?" Watu wakacheka naye. Halafu akaacha kucheka. Kumbe ni mara ya pili kurudishwa. Ana siku kumi na moja hajameza dawa ya presha.

Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye benchi. Nikamwuliza amezaliwa lini. Kitambulisho kinasema tarehe moja Januari 1964, kama wazee wote ambao hakuna aliyejua siku yao. Na Nelima pia ni hivyo hivyo. Nikamwuliza ana aleji ya sindano yoyote. "Sina. Waliniuriza hapa hapa mwezi wa kwanza, nikawaambia sina."

Mwezi wa kwanza, Nyaruai. Mimi niliandika aleji ya Nelima Novemba. Januari akaja Nerima, akaulizwa, akasema hana, na jibu lake likakaa juu ya neno langu. Wanawake wawili, mmoja wa Matulo na mmoja wa Webuye, na mashine imewafanya mtu mmoja. Sote tulikuwa tukiandika Webuye kwa kila aliyetoka upande ule. Yule aliye hai alimpa yule mwingine jibu lililomuua, na yule aliyekufa amemzuilia huyu dawa yake.

Nilimwambia msimamizi. Akasema nilete ushahidi, kwa sababu historia ya rekodi haionyeshi kwamba kuna watu wawili waliounganishwa. Na kweli haionyeshi. Mtu ameisafisha.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi leo. "Ile sehemu ya majina." Ni sehemu gani hiyo? Nani aliiambia kompyuta kwamba Nelima na Nerima ni mtu mmoja?

Suad


Kitale,
5 Machi 2025

Suad,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na maelezo mengi kabla ya maneno hayo mawili, nikazichana.

Mwaka 2023 tulipokuwa tukijaribu mfumo Kimilili, alikuja mzee mmoja wa jina Barasa. Alikuwa na faili nne: Barasa, Balasa, Barassa, na moja sikumbuki. Kila karani aliandika alivyosikia. Alikuwa amepigwa picha ya kifua mara tatu kwa ugonjwa ule ule kwa sababu kila safari alikuwa mgonjwa mpya. Alikuwa mnyonge, Suad, na hakuna aliyemwamini akisema alishapigwa. Nikasema nitaandika kanuni itakayosoma R na L kama herufi moja. Majina yakilingana kwa sauti, mwaka ukilingana na mahali pakilingana, basi ni mtu mmoja. Nilijivunia. Mimi mwenyewe si nimeitwa Nyaluai nusu ya maisha yangu?

Mwanzoni mfumo ulikuwa unamwuliza karani: je, hawa ni mtu mmoja? Ndiyo au hapana. Bwana Kiplangat akasema makarani watachoka na maswali, kliniki zinataka kitu chenye kasi. Sikubishana. Nililifuta lile swali kwa mkono wangu, mchana, nikinywa soda.

Barua yako ya kwanza iliponifikia nilikuwa na wasiwasi. Tarehe kumi na nne Februari nilifungua historia nikaona kila kitu. Neno lako lilikuwa pale, kwa herufi kubwa, kama ulivyosema. Na chini yake, tarehe ishirini na moja Januari: zimeunganishwa. Nilimwendea Kiplangat, nikidhani atazuia kila kitu siku hiyo hiyo. Akasema rekodi moja isisimamishe kliniki thelathini na moja. Akaniambia niisafishe.

Nilibonyeza. Karatasi aliyokuonyesha ilitoka kwenye mashine iliyo mezani pangu.

Na nilipokuandikia ukubali kwamba ulichoka, nilikuwa nimeshajua wiki nzima kwamba hukukosea.

Kuna jambo jingine. Kila Ijumaa mfumo hujitolea nakala ya akiba kwenye diski inayokaa kabatini. Ile ya tarehe saba Februari ninayo, nimeitoa ofisini. Ndani yake nimewahesabu watu waliounganishwa ambao habari zao haziafikiani, mmoja ana kisukari na mwingine hana, kundi la damu la huyu si la yule. Ni mia moja arobaini na watatu, katika kliniki zote.

Sijui nitafanya nini. Nikiitoa hiyo diski nimevunja mkataba, na nimetoa siri za wagonjwa nje. Baba yangu bado anawaambia watu kanisani kwamba binti yake anatibu watu kwa kompyuta. Naogopa, Suad.

Nyaruai


Bungoma,
6 Machi 2025

Nyaruai Mbogo,

Nimekusoma.

Sitakuandikia kuhusu mimi na wewe. Sina maneno na sina nafasi.

Wao ni mia moja arobaini na watatu. Unaniambia unaogopa, sawa. Leo ni Alhamisi, kliniki zote zimefunguliwa. Mmoja wao anaweza kuwa amekaa kwenye benchi sasa hivi, akingoja kuitwa kwa jina lake.

Jepkemboi alinitembelea leo. Amekonda. Anauliza kama aliisoma skrini vibaya. Nilikuwa na barua yako mfukoni na sikujua kama nina ruhusa ya kumtuliza.

Usinijibu mpaka uwe umefanya kitu.

Suad Osman


Kitale,
10 Machi 2025

Kwa Bi. Nyaruai Mbogo,

Nakuandikia kwa mkono na si kwa barua pepe ya ofisi. Nadhani unaelewa kwa nini.

Diski ya tarehe saba Februari haiko kabatini. Ni watu wawili tu wenye ufunguo.

Mimi si mtu mbaya, Nyaruai. Mama yangu alifariki mwaka 2011 kwa sababu faili yake ilipotea siku mbili, na daktari hakutaka kumpasua bila kujua historia yake. Ilipatikana chini ya birika la chai. Ndiyo sababu nilianzisha kampuni hii. Kabla yetu, kliniki hizi zilikuwa zikipoteza wagonjwa kila mwezi na hakuna aliyehesabu, kwa maana karatasi haiachi historia ya kumshtaki mtu. Ukizungumza Alhamisi, kliniki thelathini na moja zitarudi kwenye zile faili. Watakaokufa kwa hilo hutawajua majina, lakini watakufa.

Marekebisho yatakuwa tayari mwezi wa Juni. Tutayapitisha kimya, watu watatenganishwa, na hakuna atakayeumia zaidi. Yule karani atapewa onyo tu. Nimezungumza na msimamizi wao. Nawe nimekupendekeza uongoze idara ya ufundi.

Ukiamua vinginevyo, nitalazimika kusema kwamba ni wewe uliyeandika kanuni ile, na ni wewe uliyefuta historia. Yote mawili ni kweli.

Rudisha diski kabla ya Jumatano saa kumi jioni.

E. Kiplangat


Kitale,
11 Machi 2025

Suad,

Nimefanya. Ndiyo maana najibu.

Naambatanisha barua aliyoniandikia Kiplangat. Isome, na uipeleke kwa mwenyekiti wa kamati. Usimchukie haraka, kuhusu mama yake anasema ukweli, na kuhusu karatasi pia. Nimekaa na barua hiyo tangu jana asubuhi nikitafuta mahali ambapo amekosea. Nilipapata penye neno Juni. Kuanzia leo hadi Juni kuna wiki kumi na mbili, na anasema hakuna atakayeumia zaidi. Hawezi kujua hilo. Hata mimi niliyeandika kanuni siwezi.

Sikutoa orodha nzima kwa mtu yeyote. Nilikaa na kugawanya majina, kila kliniki na wagonjwa wake peke yao, asije mtu akasoma ugonjwa wa jirani yake. Leo asubuhi nimewapigia wasimamizi mmoja mmoja, kisha nikawatumia. Wengine wameshukuru. Wawili wameniuliza nalipwa na nani. Mmoja aliweka simu chini, nikampigia tena mpaka akasikiliza. Kwenu ni watu kumi na tisa. Nerima ni wa kwanza kwenye orodha, nimeeleza kwamba yuko hai na anahitaji dawa leo.

Diski nitaikabidhi mbele ya kamati, na wakili wa kliniki akishuhudia. Keshokutwa saa tatu nitakuwa hapo. Nitasema niliandika kanuni, nilifuta swali, nilisafisha historia. Nitasema uliandika kwa herufi kubwa.

Barua hii naituma kwa ofisi ya vifurushi, Huzaifa asihusike. Mwambie sista Jepkemboi sasa. Mwambie alisoma skrini sawasawa.

Nyaruai


Kitale,
7 Aprili 2025

Suad,

Siku ya kamati ulipita karibu yangu ukitoka, ukaangalia mlango. Nilielewa. Sikuandika tena kwa sababu hiyo, na sasa naandika kwa sababu moja tu: nimetoka Matulo, na nadhani una haki ya kujua.

Habari zangu ni chache. Nimefutwa kazi siku ile ile. Polisi wameniandikisha maelezo mara mbili, na wakili anasema huenda nikashtakiwa kwa kufuta historia. Nimemwambia sitabisha. Kampuni imesimamisha mfumo. Kliniki moja ya huku imerudi kwenye faili na wiki iliyopita walipoteza karatasi za mtoto mwenye seli mundu kutwa nzima. Zilipatikana jioni, mtoto yuko salama, lakini niliposikia nilikaa chini. Baba haongei nami kuhusu kazi. Ananipa jembe asubuhi tunakwenda shambani, basi.

Jumamosi nilikwenda Matulo. Mzee wa kanisa lao alinipeleka. Mume wa Nelima alikuwa akichagua mbegu za maharagwe kwenye ungo, zile zilizotobolewa akiziweka kando. Nasambu alikuwepo. Nikajitambulisha, nikaeleza yote kwa Kiswahili chepesi, bila neno la kompyuta nililoweza kuliepuka. Nilieleza kuhusu R na L. Nikaeleza kuhusu swali nililolifuta.

Mzee hakuacha kuchagua mbegu. Nilipomaliza akauliza, "Hilo swali lingechukua muda gani?"

"Sekunde tatu, baba. Labda nne."

"Na hiyo kompyuta ilikuwa na haraka ya nini?"

Akangoja, kwa kweli alikuwa akingoja, alidhani lazima iko sababu ambayo mtu aliyesoma anaweza kuitaja. Mwishowe nikasema haikuwa na haraka yoyote. Haraka ilikuwa yetu.

Akaniambia jina la mke wake liliandikwa vibaya tangu shule, chifu akaandika hivi, kanisa likaandika vile, na wakawa wanacheka tu. Kisha akasema Nerima wa Webuye alikuja wiki iliyopita na kuku, akaketi kando ya kaburi saa nzima. Alisema hakujua aende wapi na huzuni yake, kwa kuwa yeye hakumkosea mtu, lakini jibu lilitoka kinywani mwake. Mzee alimpa mbegu akapande.

Nilipoaga nilimnyooshea Nasambu mkono. Akautazama. "Nitakusalimia siku nyingine," akasema. "Leo siwezi." Hakusema kwa ubaya.

Ni hayo tu. Sitarajii jibu.

Nyaruai


Bungoma,
15 Aprili 2025

Nyaruai,

Jepkemboi alirudi kazini Jumatatu ya wiki iliyopita. Hadungi sindano bado. Anapima presha na kufunga vidonda, na kabla ya kufanya lolote anamwuliza mgonjwa jina lake mara mbili, hata watoto. Wengine wanakasirika. Mimi pia nimerudi, na msimamizi aliniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, akisoma kwenye karatasi.

Barua yako ya Matulo nilimsomea mama yangu, Sharifo, kwa sababu alikuwa amekusema vibaya mwezi mzima wa Ramadhani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo msichana alikula kwangu." Sikujua anamaanisha nini, na sikumwuliza.

Nataka ujue kwamba sijakusamehe. Kiplangat simjui, alikuwa na shati jeupe na karatasi. Wewe ulinijua. Ulijua kwamba nitakuamini kuliko nijiaminivyo, ukaniambia nilichoka. Kuna asubuhi nilikaribia kukubali. Hilo bado liko pale nikiliamkia, na sijui litaondoka lini.

Sasa kazi. Kati ya watu wetu kumi na tisa tumewapata kumi na sita. Tumewaketisha mmoja mmoja tukawaandika upya kwa karatasi. Mmoja alikuwa akimeza dawa za kisukari cha mtu mwingine tangu Januari. Amepona kizunguzungu kwa kuacha tu. Watatu hatuwapati. Wawili simu zao hazipo tena. Wa tatu ni mama mjamzito, miezi minane, na kundi la damu lililoandikwa kwenye rekodi yake huenda si lake. Alihamia kijiji fulani juu ya Kimilili kwa shangazi yake. Jina la kijiji liliandikwa na karani aliyesikia vibaya, na tuna namna tatu za kulitamka.

Kliniki imenipa Jumamosi nzima na nauli ya watu wawili. Jepkemboi yuko zamu. Wewe ulizunguka vijiji vile mwaka wa majaribio na unajua watu wa huko.

Nitakuwa Kimilili mbele ya soko saa mbili asubuhi. Nitangoja robo saa, kisha nitapanda peke yangu.

Suad